Fundi Rudia na Sanduku la Kusawazisha Sauti

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata huko halikuwa na kazi. Jengo zima la ghorofa tatu, wakubwa kwa wadogo, lilimwita Fundi Rudia, na jina hilo alilipata kwa halali. Ukimkuta ngazini ukamwambia, "Fundi, habari za asubuhi?" alisimama, akainamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia mtama unamwagwa, kisha akasema, "Rudia." Usidhani alikuwa kiziwi. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya paka. Shida ni kwamba mara ya kwanza alikuwa akiisikiliza sauti yako, kama inakwaruza, kama imekaa puani, kama kifua kinaitikia. Ulichosema alikiachia mara ya pili, na hiyo mara ya pili mara nyingi haikufika.

Shemeji yake alipopiga simu kumpa habari kwamba amepata mtoto wa kiume, Fundi Rudia alimjibu, "Laini yako ina upepo, hebu sogea dirishani." Kwenye mazishi ya mwenye duka la kona, watu wakilia kwa kwikwi, yeye alimnong'oneza jirani yake kwamba msemaji anaimeza maiki. Walimsamehe yote hayo, maana hakukuwa na redio wala amplifaya iliyokufa mikononi mwake. Lakini uvumilivu wa jirani una kikomo, hasa jirani anapotaka kulala.

Karakana yake ilikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo, pale uani. Chumba kile kilijengwa kwa ajili ya wakazi wote, kina masinki na sakafu ya mteremko. Fundi aliingiza humo amplifaya moja "kwa siku mbili tatu tu". Ya pili ikaja kumliwaza mwenzake. Baada ya hapo zilizaliana zenyewe, mpaka makarai ya wakazi yakahamia nje juani, na ndani hapakuwa na pa kutia mguu. Kila siku baada ya chakula cha mchana alijaribu spika zake. Vijiko vilicheza kabatini hadi ghorofa ya tatu, na nesi wa huko juu, anayefanya kazi za usiku na kulala mchana, alijifunika mito miwili kichwani na kuomba dunia iishe mapema.

Mke wa fundi alikuwa fundi pia, wa cherehani. Sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo hasa, kama ya mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Wateja walisogeza viti ili wamsikie. Mwenyewe hakuwa mtu mdogo hata kidogo. Wanawake wa jengo walimsimamisha ngazini wakammwagia ya moyoni, yeye akayapokea yote bila kumkatiza mtu, na akayakumbuka. Ndio hao waliomsukuma agombee uenyekiti wa kamati ya wakazi.

Kiti hicho kilikaliwa na bwana mmoja aliyeitwa Honi. Debe tupu haliachi kutika, na hili lilikuwa limetika kwa awamu nne mfululizo. Honi hakuwahi kutengeneza hata bawaba ya geti, lakini akishika maiki na kunguruma "Maendeleo!" njiwa wote wa paa la jirani waliruka, na watu wakaona kwamba kweli kuna kitu kimefanyika. Katika uchaguzi ule mkewe Rudia alisimama baada yake, akazungumza kwa utulivu. Kuanzia safu ya tatu watu waliona midomo tu. Waliokaa nyuma kabisa walidhani anasali, wakavua kofia. Ulipofika wakati wa kunyoosha mikono, hata wale waliomsukuma agombee walimpa Honi, kwa kuwa hawakuwa na hakika kama mwenzao ameshaanza.

Jioni ile mama huyo alikaa kwenye cherehani bila kushona. Machozi yalimtoka kimyakimya, kama alivyofanya mambo yake yote. Mumewe alimwona. Tumtendee haki mtu huyu: alimpenda mkewe, na machozi yale yalimchoma.

"Kosa si lako, mama watoto," akamwambia. "Kosa ni la mitambo. Maiki haina haki. Mwenye kelele inamwongezea, mpole inamwacha alivyo. Uchaguzi ujao nitakutengenezea chombo cha kuwasawazisha. Anayepiga kelele kitamshusha, anayesema taratibu kitampandisha. Utasikika mpaka kwa njiwa."

"Chombo gani hicho, baba watoto?"

"Kompresa."

Habari zilienea. Kesho yake jirani mmoja alimletea gurudumu la baiskeli ajaziwe upepo. Tangu siku hiyo fundi akakiita chombo chake "sanduku" tu, akaacha kuelimisha umma.

Ila sisi tunaweza kueleza, maana si uchawi. Sauti ikiingia sandukuni inagawanyika njia mbili. Moja inaenda zake kwenye spika. Nyingine inawasha taa ndogo iliyofungiwa ndani ya bomba jeusi. Mbele ya taa hiyo kuna jicho, kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati kinachohisi mwanga. Mtu akipayuka, taa inang'aa. Jicho likiona mwanga, linafungua mlango wa pembeni na kuimwaga sehemu ya ile sauti kabla haijafika kwenye spika. Mtu akishusha sauti, taa inafifia, jicho linafunga mlango, sauti yote inapita na kukuzwa. Yaani mpiga kelele anajibana koo kwa mkono wake mwenyewe. Fundi alipolifikiria jambo hilo na kumkumbuka Honi, alicheka peke yake akiwa na waya mdomoni.

Vifaa havikuwa tatizo, maana fundi wetu aliamini kwamba kitu kilicho karibu ni chake mpaka mwenyewe aulize. Rezista na transista alizing'oa kwenye redio zilizosahauliwa na wenyewe. Bomba alilikata kwenye mpira wa maji wa uani, karibu na mwisho, pale ambapo kwa maoni yake haupati kazi. Kitambaa cheusi cha kuzuia mwanga usipenye kilitoka kwenye suti ya mteja wa mkewe, sehemu ya ndani isiyoonekana. Kifuniko cha mbao cha cherehani, chenye mpini mzuri juu, kikawa mwili wa sanduku. Mama alipokitafuta, aliambiwa, "Kipo kwenye kazi yako."

Lililobaki ni jicho. Halikupatikana redioni wala dukani. Lakini ngazini kulikuwa na taa inayojiwasha yenyewe giza likiingia, na taa ya namna hiyo, fundi alijua, haiwezi kujua kumekuwa giza bila jicho. Alipanda na kigoda na bisibisi. "Nitalirudisha," aliiambia taa. Jioni ile ngazi ikawa nyeusi tii, na ikabaki hivyo usiku baada ya usiku. Siku chache baadaye nesi alikosea kukanyaga akienda zamu, akateguka kifundo cha mguu, akapiga yowe lililofika barabarani. Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye pasi ya kulehemu.

"Umesikia hiyo?" akamwambia mkewe. "Sauti ya juu kabisa, na haijapasuka hata kidogo!"

Mama aliweka sindano chini, akaenda kumsaidia nesi. Aliporudi alimtazama mumewe kwa muda mrefu, na mumewe akadhani anatazamwa kwa kuwa ni fundi hodari.

Sanduku halikukubali mara moja. Mwanzoni alitumia balbu ya tochi, na balbu ya tochi ni mvivu kama karani wa ofisi za umma: neno la kwanza lilipita likipiga kelele kabla haijaamka, halafu likaadhibiwa la pili lisilo na hatia. Akaing'oa, akaweka kitaa kidogo cha rangi kilichotoka kwenye chaja, hicho kikawa chepesi. Ikabaki tabia moja aliyoiita kasoro ndogo. Msemaji akinyamaza kidogo, jicho nalo lilifumba, mlango ukafungwa, na sanduku kwa kukosa la kukuza likaanza kukuza chochote kilichopo. Nzi akitua mezani, spika zilimtangaza.

"Hiyo haina neno," fundi alisema. "Kwenye mkutano nani atanyamaza?"

Majaribio yalihitaji sauti, na sauti ilikuwepo nyumbani. Kila alasiri alimkalisha mkewe mbele ya maiki, yeye akakaa nyuma ya sanduku, macho kwenye sindano ya mita. Mwanzoni mama alihesabu, moja, mbili, moja, mbili, kama anagawa vifungo. Akachoka.

"Basi nisome hotuba yangu," akasema. "Nimeshaikariri."

"Hiyo ndiyo safi! Ina maneno marefu."

Mama akasema hotuba yake yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, akimtazama mumewe usoni. Ilikuwa na mambo matatu. Alipofika la tatu sauti yake ilizama kabisa, karibu na kunong'ona, na hapo fundi alisogea mbele kwa furaha, maana ndipo alipotaka kuliona sanduku likifanya kazi. Sindano haikutingishika.

"Unasemaje?" mama akauliza.

"Nzuri mno! Ile ya mwishoni imetulia kama maji ya mtungini."

"Nakuuliza maneno, baba watoto."

"Maneno yanatoka vizuri, hayana mluzi. Rudia ile ya mwishoni."

Akarudia. Alirudia siku ile, na siku zilizofuata, mpaka majirani waliokuwa wakianika nguo uani wakaijua hotuba kwa moyo na kuanza kutazamana. Siku moja mama alizima maiki kwa mkono wake, akamsogelea.

"Nisikilize. Sitaki useme baadaye kwamba nilikusengenya. Hotuba hii inakuhusu wewe."

"Najua," fundi alisema, na macho yake yakalengwa na machozi kidogo. "Ndiyo maana najitahidi namna hii."

Sikio la kufa halisikii dawa, hata likiwa ni sikio la fundi wa sauti. Mama aliwasha maiki, akarudi kwenye kiti.

Siku ya uchaguzi ikafika, Jumamosi alasiri. Viti vilipangwa uani, spika mbili zikasimamishwa, na mezani, likiwa limepakwa vanishi mpya, likakaa sanduku lenye mpini wa cherehani. Fundi alikaa nyuma yake amevaa shati la sikukuu, kidole kimoja kwenye swichi. Nesi, mguu ukiwa na bandeji, alibaki dirishani kwake ghorofa ya tatu, kwa sababu zile ngazi hakuziamini tena. Mama alikaa safu ya mbele, akikunjakunja ncha ya kanga. Alikuwa anaogopa, na hakuogopa Honi.

Honi alianza. Akaishika maiki kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akanguruma, "Maendeleo!"

Lilitoka neno la adabu, kama la mtu anayeomba chumvi mezani. Njiwa hawakusogea. Honi akaitazama maiki, akaigongagonga, akanguruma tena kwa nguvu zaidi. Ndani ya bomba taa iling'aa, jicho likafungua mlango, na mwenyekiti akamwagika pembeni. Kadiri alivyopayuka ndivyo alivyobaki palepale. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamtiririka, na spika zikamtoa mtu mpole anayesoma tangazo la kukatika maji. Na kwa mara ya kwanza, kwa kuwa masikio hayakuwa yanauma, watu walisikia anachosema, wakagundua kwamba hakuna.

Ikafika pale alipozoea kunyamaza apigiwe makofi. Akanyamaza. Hakuna aliyepiga. Jicho likafumba, sanduku likaanza kutafuta la kukuza, Honi akamwinamia katibu wake, na uwanja mzima ukasikia kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo:

"Mbona wamekaa kama magunia hawa? Soda si wamekunywa?"

Kicheko kilichozuka hapo ndicho kilichowarusha njiwa. Honi aliketi, koo limekauka, akajipepea na ratiba ya mkutano. Fundi Rudia hakucheka, maana alikuwa akiangalia sindano, na sindano ilikuwa haijagusa nyekundu hata mara moja. Alijiona mfalme.

Mama akasimama.

"Jirani zangu," akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote, "nina mambo matatu."

Mzee aliyekuwa akisinzia safu ya mwisho alizinduka, akageuka kuona nani kakaa karibu naye. Sauti ilikuwa imemfikia kama mtu anayezungumza naye kitandani. Fundi alifumba macho kwa raha.

"La kwanza ni ngazi. Tunapanda gizani, na nesi wetu ameumia. Taa haikuharibika. Imeng'olewa jicho."

Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu. Sauti ilikuwa nzito pale inapotakiwa.

"La pili ni chumba cha kufulia. Kilijengwa kwa ajili ya nguo zetu. Leo kinafuliwa amplifaya."

Uani kukapita mguno, halafu kicheko cha kubanwa puani. Fundi alifumbua macho haraka akidhani spika imeanza kuvuma. Spika zilikuwa nzima. Ila kila shingo ilikuwa imegeukia kwake. Akajitazama shati, akajitazama zipu.

"La tatu," mama akasema, na hapo sauti ikazama kama ilivyozama siku zote za majaribio. Ikawa pumzi tu. Sandukuni taa ikafifia, jicho likafumba, mlango ukajifunga, na ile pumzi ikainuliwa, ikapita juu ya vichwa, ikapanda mpaka dirishani kwa nesi. "La tatu ni kelele za mchana. Mwenye kelele ni mume wangu. Nimemwambia kwa upole. Nimemwambia wakati wa chakula. Nimemwambia kwa maiki hii hii, yeye amekaa hapo hapo alipo. Ananiambia sauti ni safi. Nampenda, na mnajua nampenda. Lakini mimi si redio. Nataka siku moja anisikie ninachosema."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Fundi Rudia hakuhitaji kurudiwa. Maneno yalimfikia yote pamoja, ya siku ile na ya zile alasiri zote, yakamwangukia kama kabati. Aliona aibu. Si aibu ya kukamatwa na jicho la taa, hiyo angeweza kuicheka. Ilikuwa aibu ya mtu aliyekaa mbele ya mkewe anayelia kwa maneno, na yeye akampa alama za sauti.

Kidole chake kilikuwa bado kwenye swichi. Angeibonyeza tu, spika zingekufa, na watu wangesema vitu vya kujitengenezea ndivyo vilivyo. Kutoka upande wa pili Honi alimtazama, akamkonyeza, akaielekezea swichi kwa nyusi. Fundi aliziona zile nyusi. Akakiondoa kidole, akakikalia.

"Baba watoto," mama akasema. "Umesikia?"

Fundi aliinua macho kutoka kwenye sindano, akamtazama mkewe.

"Nimesikia," akasema.

"Hatusikii!" wakapiga kelele wa nyuma.

"Rudia, fundi!" akaita nesi kutoka juu, na uwanja mzima ukadakia, wazee kwa watoto: "Rudia! Rudia!"

Fundi Rudia akainuka. Alijua kila waya katika uwanja ule, na bado alijikwaa. Mama akampisha kwenye maiki, ambayo yeye aliitengeneza mara nyingi na hakuwahi kuitumia kuzungumza. Akasema, kwa sauti ya kutetemeka isiyofika hata safu ya kwanza, na sanduku likaibeba mpaka juu:

"Nimesikia. Jicho la taa limo humu sandukuni. Mkishapiga kura nalitoa."

"Ukilitoa, si sanduku linakufa?" akauliza yule mzee wa safu ya mwisho. "Tena mama tutamsikiaje?"

Fundi alifikiri. Fundi yeyote angekuwa na jibu la kifundi hapo.

"Mzee," akasema, "itabidi uhamie mbele."

Walinyoosha mikono, na haikuhitajika kuhesabu. Katibu wa Honi alinyoosha mkono wake mwenyewe kabla hajakumbuka ni katibu wa nani.

Kabla giza halijaingia, fundi alisimama juu ya kigoda ngazini, bisibisi mkononi, kifuniko cha cherehani kikiwa kimesharudi kwa mwenyewe. Mwenyekiti mpya alimshikia kigoda kisiyumbe. Alikuwa anamweleza jambo, kwa sauti yake ndogo, kuhusu chumba cha kufulia na siku ya kukihama. Hakuwa amefika mbali pale bisibisi ilipoacha kuzunguka. Fundi alishuka, akakaa kwenye ngazi iliyo chini ya pale aliposimama mwenyekiti, jicho la taa likiwa bado kwenye kiganja, akasubiri mkewe amalize.